Wafadhili walikuja Mbeya kuona foleni, sisi tukaificha. Mke wangu alikuwa ndani ya hiyo foleni

Wakuu, poleni na mihangaiko ya kutwa.

Stori hii ni yangu mwenyewe, sijahadithiwa na mtu. Nitaisema ilivyotokea. Nimebadilisha majina tu, na ofisi siitaji hata mkiniweka kiti moto. Wa kudai chanzo cha habari, chanzo ni mimi.

Na wale wa "mwanaume halii", nawaomba mpite kushoto mapema. Humu ndani kuna machozi kidogo.

Twende.

Mimi ni mtu wa Iringa, mzaliwa wa Ipogolo pale chini ya mlima. Kazi yangu ni kupima magari barabarani. Najua mtacheka, kila mtu hucheka. Shemeji yangu mmoja aliwahi kuniuliza mbele za watu, "Yaani shemeji umesoma miaka yote hiyo ukahesabu magari?"

Ndiyo, nahesabu. Yanapita mangapi, ya aina gani, yanasimama muda gani kwenye makutano, watu wanakwama saa ngapi na kwa nini. Hizo data ndizo mainjinia wanazotumia kupanga barabara na taa. Bila hizo wanabahatisha.

Sasa, kampuni yetu ndogo ya ushauri ilipata kazi ya kusaidia kuandaa andiko la kuomba fedha kwa wafadhili wa nje, ili Mbeya ipate mfumo wa kisasa wa kuongoza magari. Wenyewe wanaita smart traffic.

Kwa lugha nyepesi: taa zenye kamera, zinazoona upande uliojaa na kuupa nafasi. Halafu kuna chumba kimoja chenye screen kubwa, mtu anakaa pale anaona makutano yote ya mji. Ajali ikitokea anaiona. Ambulance ikija anaifungulia njia.

Wanaoijua Mbeya hawahitaji kuelezwa kwa nini. Barabara kuu ni moja. Ya kwenda Zambia ni hiyo hiyo, ya sokoni ni hiyo hiyo, ya watoto wa shule ni hiyo hiyo. Lori lenye mzigo wa Tunduma linagombea njia na bajaji iliyobeba mama na majogoo yake. Ukikwama pale katikati, umekwama, hata upige honi hadi betri iishe.

Na yule mtu wa kukaa kwenye screen, niliahidiwa ni mimi. Ajira ya kudumu. Fedha zikipita tu.

Shikeni hapo, kwa sababu maisha yangu yote nilikuwa nimeyaning'iniza kwenye hiyo "zikipita tu".

Mke wangu, Mama Upendo, ni mwalimu wa shule ya msingi Igowole, kule Mufindi. Tuna mtoto mmoja, Upendo, yuko darasa la pili. Mimi nilipanga chumba Iyunga, pale Mbeya. Mpango ulikuwa hivi: fedha zikipita, napata ajira, Mama Upendo anaomba uhamisho, tunaishi nyumba moja kama watu.

Miaka ikawa inakwenda. Kila mara nikawa namwambia kuna wageni wanakuja kuangalia, wakiondoka mambo yatakuwa safi. Wageni walikuja, wakala, wakapiga picha, wakaondoka. Wakaja wengine.

Wakuu, upweke wa mwanaume mwenye mke unauma kwa namna yake. Huwezi kusema huna mtu. Unaye, ila yuko kwenye simu.

Nilikuwa narudi jioni, naingia gengeni kwa Mama Tumaini, Mnyakyusa mmoja mwenye maneno. Naomba nyanya mbili na kitunguu kimoja. Ananiangalia. Siku moja akaniambia, "Baba, wewe unanunua kama mgonjwa. Huyo mke unayemsema yupo kweli?"

Watu pale gengeni wakacheka. Na mimi nikacheka. Nikafika nyumbani nikakaa kitandani na viatu vyangu, chakula sikupika.

Kingine, kanisani. Mimi ni Mlutheri, na mnajua utaratibu wetu: wakati wa matangazo wageni wanasimama, wanajitambulisha, wanapigiwa makofi. Nimesali usharika ule miaka. Jumapili moja mzee wa kanisa akaja taratibu hadi kwenye benchi langu, akaninong'oneza, "Mgeni, usione aibu, simama."

Nikasimama, jamani. Ningefanyaje? Nikajitambulisha, nikapigiwa makofi, nikakaribishwa Mbeya.

Sikumsimulia mtu. Ningemsimulia nani?

Kwa hiyo habari ilipokuja kwamba wafadhili wale wakubwa, wenye uamuzi wa mwisho, wanakuja kuona kwa macho yao, nilipiga simu Igowole palepale.

Mama Upendo akasikiliza. Halafu akasema, "Baba Upendo, mimi sihamii kwenye maneno. Nataka nije nikuone unapoishi, nione na hiyo kazi. Shule zimefungwa. Nikipaona pananifaa, naandika barua ya uhamisho. Nisipopaona, basi, tuache kudanganyana."

Alikuwa hajawahi kuja Mbeya. Siku zote mimi ndiye niliyekuwa naenda.

Nikamwambia aje siku ile ile ya wageni. Atafika mchana, wageni watakuwa wamemaliza, jioni tutakula kuku mji mzima usikie. Nikanunua shuka mpya. Nikanunua sahani ya tatu na kikombe cha tatu, chenye maua, cha Upendo. Nilipopita gengeni nikamwambia Mama Tumaini, "Kesho kutwa utamwona huyo mke usiyemwamini." Akapiga vigelegele palepale barabarani, na nyanya mkononi.

Sasa sikilizeni kilichotuponza.

Kukawa na kikao cha mapokezi. Kulikuwa na kamati, na kamati ilikuwa na mwenyekiti, mzee mmoja mstaarabu sana, mtu wa tai kila siku. Mzee yule alikuwa na karama ya kupokea wageni. Alianza kugawa kazi. Mawe ya pembeni ya barabara yapakwe chokaa. Wamachinga wasogezwe. Bajaji zisionekane. Malori yote yanayotoka upande wa Iringa yazuiliwe mbali kule Igawa, yanayotoka Tunduma yazuiliwe huko huko. Kila makutano awepo mtu wa kuongoza magari mwenye glovu nyeupe.

Nikanyoosha mkono. Mimi ni mtu mdogo kwenye vile vikao, lakini nilinyoosha.

Nikasema, "Mwenyekiti, samahani. Wageni hawa wanakuja kuona foleni. Tukiiondoa foleni, wataona nini?"

Mzee akanitazama kwa huruma, si kwa hasira, na hilo ndilo liliniuma. Akasema, "Kijana, kwenu mgeni akija mnamwonyesha vyombo vichafu?"

Wacha watu wacheke! Mwingine akadakia, "Huyu Mhehe atampeleka mgeni chooni kwanza!" Kicheko kikaongezeka.

Bosi wangu, Injinia Pravin, alikuwa kando yangu. Huyu ni Mhindi wa Iringa kabisa, ukoo wao una duka la vitambaa pale mjini tangu enzi za babu yake, na Kihehe anakisema vizuri kuliko vijana wetu wa sasa. Akaniwekea mkono begani, akanong'ona kwa jina tunaloitana watu wa Iringa, "Mnyalukolo, acha. Data tunazo. Video tunazo. Wataona kwenye screen."

Nikaacha.

Na kusema kweli, wakuu, yule mzee hakuwa mtu mbaya. Hiyo ndiyo desturi yetu. Nani kati yenu amewahi kupokea mgeni bila kufagia? Nani hajawahi kuficha ndoo ya nguo chafu nyuma ya mlango? Tumelelewa hivyo sote. Kasoro ni kwamba huyu mgeni alikuwa amekuja kutafuta ndoo.

Siku ikafika.

Asubuhi nilitoka Iyunga nikidhani nimekosea mji. Barabara nyeupe. Tupu. Nilisikia ndege wakilia kwenye makutano ambayo kwa miaka sikuwahi kusikia kitu zaidi ya honi na breki za upepo. Mama mmoja alisimama kivukoni, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaangalia tena, akaogopa kuvuka kwa sababu hakuna gari.

Simu ikaita. Mama Upendo. "Tumeshapanda basi hapa Nyololo. Mtoto anakusalimia, amevaa sweta lake la kijani." Nikamsikia Upendo nyuma anauliza, "Mama, Mbeya kuna baridi kama kwetu?"

Nikajiona mfalme.

Wageni wakafika kutoka uwanja wa ndege. Walikuwa watatu, na mkubwa wao alikuwa mama mmoja mtu mzima, mpole, mwenye daftari dogo na viatu vya kutembelea. Mkalimani pembeni. Tukawapeleka kwenye makutano yale mabaya kuliko yote, yale ambayo andiko letu zima limeyaongelea.

Tukasimama.

Ikapita pikipiki moja. Kimya. Ikapita gari ya msafara wetu wenyewe, ilikuwa inatafuta pa kugeuzia.

Yule mama akatazama saa yake. Akatazama barabara. Akauliza kwa upole, "Huwa iko hivi siku zote?"

Mkalimani akatafsiri. Na kabla mtu yeyote hajavuta pumzi, mwenyekiti wetu akajibu kwa kifua mbele, "Siku zote! Mji wetu ni tulivu sana!"

Aisee. Nilitamani ardhi ipasuke. Injinia Pravin alifumba macho kabisa.

Nikakimbilia tablet. Nikamwonyesha yule mama video zetu, malori yamebanana, ambulance inalia haina pa kupita, bajaji zimepanda mtaro. Akaangalia kwa makini. Akasema maneno ambayo mkalimani aliyatafsiri taratibu: "Naziamini kazi zenu. Lakini nimesafiri mbali ili nione mwenyewe, na ninachokiona ni hiki."

Simu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe wa Mama Upendo:

"Tumesimamishwa Igawa. Malori yamejaa pande zote mbili za barabara, mabasi hayapiti. Wanasema kuna wageni wakubwa Mbeya."

Yaani foleni ilikuwepo! Haikwenda popote. Tulikuwa tumeibeba tu tukaenda kuitua Igawa, kwenye mji mdogo wa watu, na ndani yake tukamweka mke wangu na mtoto wangu.

Ujumbe mwingine: "Jua kali. Upendo anataka kwenda haja, hakuna pa kwenda. Utatupokea saa ngapi?"

Nikaangalia wale wageni wanaanza kurudi kwenye magari yao. Nikaona ajira ile inaondoka. Nikaona screen inaondoka, nyumba moja inaondoka. Nikaona kwamba nikikaa kimya nimekwisha.

Nikapaza sauti, na Kiingereza changu hiki cha shule ya kata. Nikasema, "Madam, magari yapo. Yamezuiliwa Igawa kwa ajili yenu. Mke wangu yuko huko sasa hivi, amekwama na mtoto. Hii hapa simu yake." Nikanyoosha simu.

Kila mtu akasimama.

Yule mama akanigeukia. Nadhani alitaka kuuliza kitu. Midomo ilifunguka.

Mwenyekiti akaangua kicheko kikubwa, cha upendo kabisa, akanikumbatia bega mbele ya wageni. Akasema, "Huyu kijana wetu ni mcheshi sana! Kila siku anatuvunja mbavu ofisini!"

Kamati nzima ikacheka. Mkalimani akatafsiri kwamba ni utani. Wageni nao wakacheka kwa adabu, kama watu wanavyocheka utani wa ugenini wasiouelewa.

Nikabaki nimenyoosha simu.

Wakuu, nimeshalala njaa, nimeshazika baba yangu, nimeshaumwa chumbani peke yangu bila hata wa kunichemshia maji. Sijawahi kuwa peke yangu kama dakika ile, na nilikuwa nimezungukwa na watu wanaonipigapiga mgongo.

Mchana simu ikaita. Nilikuwa kwenye ukumbi wa chakula, mabufee yamepangwa. Nikatoka nje.

"Baba Upendo."

"Mama Upendo, vumilia kidogo, wageni wanaondoka sasa hivi, njia itafunguliwa."

"Nimevuka barabara," akasema. "Nimepata gari upande wa pili, linarudi Makambako. Tuko ndani tayari."

Nikamsihi. Nilimsihi mpaka mlinzi wa pale akageuza uso pembeni kwa aibu. Nikamwambia nimenunua shuka, nimenunua kikombe cha mtoto, Mama Tumaini anamsubiri. Alisikiliza yote.

Akasema, "Kila mwaka unaniambia nisubiri wageni. Nimesubiri. Leo hao wageni wametufungia njia kabisa, mimi na mtoto, tumekaa juani kama mizigo. Nimechoka, baba. Sijakasirika. Nimechoka tu."

Akakata. Nikapiga, haikupokelewa.

Injinia Pravin alinikuta nje nimeegemea ukuta. Nikamweleza. Akatoa ufunguo wa gari lake akaniwekea mkononi. "Nenda, mnyalukolo. Hapa hakuna tena cha kuokoa. Huko labda."

Nikaondoka.

Na hapa ndipo nilipoona jambo ambalo hata leo nikilikumbuka nacheka na kulia kwa pamoja. Wageni walikuwa wamekwenda kupanda ndege, na njia ikafunguliwa. Yale malori yote, mabasi yote, kila kitu kilichokuwa kimezuiliwa tangu asubuhi, vikaachiwa kwa mkupuo mmoja kuingia mjini. Mimi natoka, wao wanaingia. Kuanzia Uyole kurudi nyuma ilikuwa chuma kitupu. Ni foleni ambayo sijawahi kuipima maishani. Watu wamezima injini, wameshuka, wengine wanakula mahindi ya kuchoma juu ya bonet.

Wageni bila shaka walikuwa angani, wanaandika kwamba Mbeya ni mji tulivu.

Igawa nilifika jua linazama. Wauza mihogo na wauza mchele walikuwa wanahesabu baraka zao, hawajawahi kufanya biashara kama siku ile. Nikauliza kama kuna aliyemwona mama na mtoto wa sweta la kijani. Dada mmoja wa karanga akasema amewaona, yeye ndiye aliyempa mtoto kiti akalie. "Aliniuliza kama Mbeya ni mbali," akasema. "Nikamwambia si mbali, ni foleni tu."

Nililala Igawa, sitawachosha na huo usiku. Asubuhi nikashika njia ya Igowole.

Sikupiga simu kwamba naenda. Hilo nalisisitiza. Miaka yote nilikuwa napiga simu siku mbili kabla, hata tatu. Safari hii niliogopa akijua atanikataza.

Nilifika ukungu haujaisha, baridi ile ya Mufindi ya kukata masikio. Upendo alikuwa nje ya mlango anaosha miguu kwenye beseni. Aliponiona akashtuka. Nikafungua mikono, nikijua atanikimbilia.

Akageuka akakimbilia ndani. Nikamsikia anapiga kelele:

"Mama! Mama! Baba amekuja na hatujafagia!"

Nikasimama pale uani na mikono yangu imefunguka.

Mama Upendo akatoka, khanga kifuani, uso wa mtu aliyeamka sasa hivi. Akasema, "Karibu," halafu akaangalia ndani kwa wasiwasi. "Subiri kidogo nje, tuweke weke vizuri."

Nikasema hapana. Nikaingia.

Wakuu, nyumba hiyo mimi naijua. Siku zote nikifika kuna kitambaa cheupe mezani, chupa ya chai, kiti changu karibu na dirisha, kitanda kimetandikwa shuka la kunyooshwa na pasi. Wali na kuku. Mtoto amepakwa mafuta anang'aa.

Asubuhi ile kiti changu hakikuwepo. Kitambaa hakikuwepo. Godoro lilikuwa chini, karibu na jiko, ndipo wanapolala wawili kwa sababu ya baridi. Nikafungua mlango wa chumbani. Kitandani, upande kwa upande, yamelala magunia ya mahindi. Kiti changu kiko kona, na chenyewe kimebeba gunia.

Nguo zangu chache zilikuwa kwenye boksi, limefungwa na kamba.

Nikauliza, "Huwa mnaishi hivi?"

Akajibu kwa utulivu, anafunga khanga yake vizuri. "Sasa mtu hayupo, nafasi ikae bure?"

"Kwa nini hukuwahi kuniambia?"

"Ulikuwa unakuja siku mbili. Mtu wa siku mbili anaonyeshwa mazuri. Ukipiga simu tu tunahamisha magunia, tunaenda kuazima kitambaa kwa jirani. Mtoto anapenda, anajua siku hiyo tunakula kuku."

Nikamkumbuka yule mama wa daftari, anavyotazama barabara tupu na kuamini macho yake. Mimi nilimwona mjinga. Kumbe mimi mwenyewe nimekuwa mfadhili wa nyumba yangu miaka yote. Nimekuja, nimekula, nimeona pako vizuri, nimerudi Mbeya kifua mbele.

Nikakaa chini kwenye lile godoro, nikalia. Mbele ya mtoto. Upendo akaja akanishika sikio, akasema, "Baba usilie, tutafagia sasa hivi."

Hapo ndipo nilipomalizika kabisa.

Tulikula kiporo cha ugali na maharage na chai ya rangi, watatu kwenye sinia moja. Sijui kama nimewahi kula chakula kitamu namna ile. Mama Upendo hakunisema, hakununa. Tulipomaliza akaniambia jambo moja tu: "Uhamisho siombi. Na sikukatazi kuja. Ila nikwambie ukweli, tumezoea usipokuwepo. Mwanzoni nilikuwa nalia ukiondoka. Siku hizi nahesabu magunia. Hilo ndilo linaloniogopesha."

Jumapili nikaondoka kurudi Mbeya, kwa sababu mkataba ulikuwa bado haujaisha. Walinisindikiza mpaka barabarani nilikoegesha gari la Injinia. Nilipogeuka walikuwa wameshaanza kurudi, wanaongea mambo yao.

Jibu la wafadhili lilikuja baadaye. Injinia Pravin alinisomea. Walishukuru kwa ukarimu. Walilipongeza jiji kwa namna linavyomudu magari hata bila teknolojia. Kwa hiyo waliona fedha ziende mahali penye uhitaji zaidi.

Mkitaka kucheka, chekeni hapa: ile sehemu ya pongezi ilisomwa kwenye kikao na watu wakapiga makofi. Mwenyekiti alisimama akapokea makofi. Foleni siku hiyo ilikuwa imefika mpaka mlango wa ukumbi, waliokaa nyuma walikuwa wamechelewa kwa sababu hiyo.

Mkataba wangu umeisha wiki hii. Injinia amepata kazi kama ile ile kwenye mji mwingine, ameniomba twende wote. Anasema kule kuna matumaini, kuna wageni wanakuja.

Nimemshukuru. Nimekataa. Tumeagana kwa Kihehe, na yeye alilengwalengwa na machozi.

Funzo nililopata, na wenye akili mtaniongezea: shida ukiifagia ili mgeni asiione, usishangae akiondoka bila kukusaidia. Na wewe unayefanya kazi mbali, unayepiga simu kwanza ndipo uende kwako, siku moja usipige. Nenda tu. Uone wanapolala.

Chumba cha Iyunga nimeshakabidhi. Shuka zile mpya na kile kikombe cha maua viko kwenye begi. Kesho asubuhi napanda gari la Nyololo. Kazi kule sina, labda nitafute kwenye mashamba ya chai au mbao, sijui. Sijawaambia kwamba naenda, na safari hii siendi kwa siku mbili.

Kuna kitu kimoja tu kinanisumbua, na ndiyo sababu nimeandika. Mama Upendo akifungua mlango akanikuta na begi, sijui nianze na neno gani. Mliowahi kurudi nyumbani mkiwa mmechelewa, naomba mniandikie hapa chini. Ninyi mlisemaje?